Chipu zichorwe na Ituri pia

Mwishoni mwa Juni 2019, Ariwara iliingia katika taarifa za Shirika la Afya Duniani kwa sababu ya mgonjwa mmoja. Mji huo wa biashara katika teritwari ya Aru, mkoani Ituri, Kongo, uko kilomita 70 hivi kutoka mpaka wa Sudan Kusini, na Uganda iko karibu zaidi. Ebola, iliyotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ilikuwa imefika kwenye pembe ya nchi ambako watu huvuka mipaka kila siku kwenda sokoni, kanisani na matangani. Mlipuko huo ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuugua, na 2,287 kati yao walikuwa wamefariki.

Chanjo iliyotumika, ambayo sasa inajulikana kwa jina la Ervebo, ilitaka baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Jokofu la kawaida halifiki huko, na vijiji vingi vya Ituri havina hata umeme wa kuwasha hilo jokofu la kawaida. Chanjo zilisafirishwa ndani ya Arktek, mtungi mzito uliobuniwa karibu na Seattle, Marekani, na kutengenezwa na kampuni ya Aucma huko Qingdao, China, ambao hushika baridi hiyo kwa siku kama tano bila kuchomekwa popote. Chanjo za namna hii husafiri na kifaa kidogo cha kurekodi joto. Joto likipanda njiani, kifaa kinaandika saa na kiwango, na muuguzi anajua kama chupa alizobeba bado ni dawa.

Kifaa hicho ni kompyuta. Kina prosesa, kumbukumbu, saa na kihisi, na kinaishi kwa betri ndogo. Muda wake mwingi kimelala: kinaamka, kinapima, kinaandika, kinalala tena. Ebola ilishindwa Ituri kwa mikono ya wauguzi, wachanjaji na timu za mazishi, wala hakuna mashine inayoweza kudai sifa hiyo. Lakini kompyuta iliyowafaa watu hao ilikuwa ya namna hii, ndogo, yenye subira, isiyodai mtandao wala jenereta.

Na hapo ndipo lilipo jambo ambalo wasomaji wa Aru na Bunia wanastahili kulijua. Sehemu inayosisimua zaidi ya utafiti wa vifaa vya kompyuta duniani leo inahusu mashine za jinsi hiyo. Mahitaji ya Aru na maswali ya maabara kubwa yamekutana, na madini yanayotumika katika maabara hizo mengine yanatoka Kongo. Ituri ina haki na sababu ya kuwa miongoni mwa wanaochora chipu hizo.

Ilikuwaje utafiti ukageuka upande huu? Mwaka 1965 mhandisi Gordon Moore aliona kwamba idadi ya vipengele kwenye chipu moja ilikuwa ikiongezeka maradufu kwa mwendo wa kudumu, na viwanda vikaufuata mwendo huo kama ratiba. Kwa miaka mingi kulikuwa na zawadi ya pili: kila transista ilipopungua ukubwa, ilipungua pia umeme iliotumia, hivyo chipu mpya ikawa na kasi zaidi bila kuwa moto zaidi. Zawadi hiyo ilikatika karibu mwaka 2005. Transista ziliendelea kuwa ndogo, ila joto likagoma kushuka. Tangu hapo swali kubwa la wahandisi si tena chipu inafanya mahesabu mangapi kwa sekunde. Wanauliza inafanya mangapi kwa tone moja la umeme.

Mwaka 2014 Mark Horowitz wa Chuo Kikuu cha Stanford aliweka mezani hesabu ambayo watafiti huirudia hadi leo. Kujumlisha namba mbili ndani ya prosesa ni kazi nyepesi sana. Kuileta namba hiyo kutoka kwenye kumbukumbu iliyo nje ya prosesa kunakula nishati mara mamia zaidi, na kwa namba nzima hata mara maelfu. Yaani sehemu kubwa ya umeme wa kompyuta inatumika kwa usafiri wa data kabla hesabu yenyewe haijaanza. Mfanyabiashara yeyote aliyeleta bidhaa Aru kutoka Bunia kwa barabara ya Mahagi anajua maana ya safari inayogharimu kuliko mzigo.

Kuna mbio nyingine, za transista zilizo ndogo kabisa. Mashine moja ya kisasa ya kampuni ya ASML ya Uholanzi, inayochonga chipu hizo kwa mwanga, inauzwa kwa zaidi ya dola milioni 150, na kiwanda kimoja kipya kinagharimu mabilioni. Mbio hizo Aru haitazikimbia, Bunia haitazikimbia, hata Kinshasa haitazikimbia karibuni, na kiongozi atakayeahidi vinginevyo kwenye kampeni anawapotezea watu muda. Njia ya akiba, ya chipu inayoishi kwa miliwati chache, iko wazi kwa wenye mfuko mdogo. Bodi yenye maikrokontrola ya kutosha kujifunzia na kutengenezea kitu cha kweli inauzwa kwa dola nne au tano. Raspberry Pi Pico ilitolewa mwaka 2021 kwa bei ya dola nne.

Watu wanajifunza kufanya nini na bodi kama hiyo? Kwanza, kuiwezesha kutambua. Mhandisi Pete Warden, aliyewahi kufanya kazi Google, amesimulia alivyoshangaa kukuta kwamba programu iliyokuwa ikisikiliza neno la kuamsha simu ilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 14 tu. Picha moja ya WhatsApp ni kubwa mara kadhaa kuliko hiyo. Kutokana na mshangao huo limekua tawi zima la utafiti wa akili mnemba inayokaa ndani ya chipu ndogo, bila intaneti, bila kumpelekea mtu yeyote sauti ya mwenye nyumba.

Afrika Mashariki haikungoja kualikwa. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na kundi la PlantVillage la Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya kilimo cha kitropiki IITA, ilifundishwa kwa picha za mihogo zilizopigwa Tanzania. Mkulima anaelekeza simu kwenye jani, na simu yenyewe, hata pasipo mtandao, inamwambia kama ni batobato au michirizi ya kahawia. Mihogo hailimwi Tanzania peke yake. Ni chakula cha kila siku Aru, na magonjwa yake hayaulizi pasi ya kusafiria.

Lugha nazo zina mahali pake hapa. Shirika la Sunbird AI la Kampala limekusanya hazina ya lugha iitwayo SALT, na ndani yake, pamoja na Kiganda, Kiacholi, Kiteso na Kinyankole, kimo Kilugbara. Kilugbara cha Arua, mji wa Uganda ulio ng'ambo ya mpaka, ndicho kinachozungumzwa Aru, kwa tofauti za hapa na pale. Kazi iliyofanyika upande wa Uganda inaweza basi kuvuka mpaka wa Vurra na kuingia Kongo. Kifaa cha dola kumi kinachoelewa maneno ishirini ya Kilugbara au Kikakwa, kikining'inia kwenye ukuta wa kituo cha afya na kumweleza mama mjamzito dalili za hatari, si ndoto ya mwaka 2050. Vipande vyake vyote vipo. Kinachotakiwa ni mtu wa Aru wa kuvikusanya, kwa sababu mtu wa Nairobi hatajua ni maneno gani ishirini.

Uwezo wa pili unagusa mateso ya kila siku. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani na wenzao wa Delft, Uholanzi, walionyesha mashine ya michezo ya watoto isiyo na betri kabisa. Ilipata umeme kutoka kwenye vipaneli vya jua na kutoka kwenye vidole vya mchezaji kila alipobonyeza kitufe. Umeme ulikatika mara kwa mara, na kila uliporudi mchezo uliendelea palepale ulipoachia. Siri ni kumbukumbu isiyosahau umeme unapokatika, pamoja na programu iliyoandikwa kwa kudhani kwamba umeme utakatika.

Wahandisi wengi duniani hufundishwa kuona umeme kama hewa: upo. Kukatika kwake ni ajali. Fani hii mpya inaanzia upande wa pili, kwamba kukatika ndiyo kawaida, na hapo mtu wa Ituri ana ujuzi ambao wa Delft analazimika kuubuni ndani ya maabara. Arua, mji mkubwa jirani, uliunganishwa na gridi ya taifa la Uganda mwaka 2024 tu, baada ya miaka mingi ya kutegemea jenereta na bwawa dogo la Nyagak. Kwa upande wa Kongo, watu wengi wa Aru wanawashia taa kwa paneli za jua, na wenye kabini za simu wanapanga siku yao kwa kufuata chaji ya betri. Mwanafunzi aliyekulia hapo akiandika programu ya mashine inayozimika mara mia kwa siku, hataona ajabu.

Shaka ya msomaji inaeleweka. Ni rahisi kusifu utafiti; ni nani katika ukanda huu aliyewahi kutengeneza kifaa kikasimama kwenye vumbi na mvua?

Yupo. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha AirQo mwaka 2015, chini ya Profesa Engineer Bainomugisha. Vifaa vya kupima hewa vilivyotoka Ulaya na Marekani vilikuwa ghali mno, na vilitengenezwa kwa ajili ya miji yenye umeme usiokatika na barabara zisizo na vumbi jekundu. Kundi hilo likabuni vyake Kampala: kihisi cha bei nafuu, kisanduku kinachostahimili vumbi na joto, paneli ya jua, na laini ya simu ya kawaida ya kutuma vipimo. Vingine vilifungwa kwenye bodaboda, pikipiki ikawa inapima jiji huku ikibeba abiria. Kihisi nafuu hukosea, na hapo ndipo utafiti wenyewe ulipokuwa: kufundisha kompyuta kusahihisha makosa ya kihisi kwa kulinganisha na mashine chache za gharama. Mwaka 2019 Google iliwapa dola milioni 1.3. Leo vifaa vya AirQo vinapima hewa nje ya Uganda pia, Nairobi, Kisumu, Bujumbura na Accra.

Nyeri, nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kina maabara ambako Ciira wa Maina na wanafunzi wake wanapima kina cha mito na kurekodi sauti za ndege kwa vifaa walivyounganisha wenyewe. Ndani ya eneo la chuo hichohicho kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, na mwaka 2024 shirika la biashara na maendeleo la serikali ya Marekani liliahidi kuisaidia kwa utafiti wa upembuzi yakinifu. Nyeri ni mji wa kahawa na chai. Hakuna aliyewahi kusema kwamba lazima uwe Silicon Valley kabla ya kuanza.

Tanzania, Taasisi ya Afya ya Ifakara na mafundi wa Bongo Tech and Research Labs wameshirikiana na Waingereza kutengeneza hadubini ya OpenFlexure. Mwili wake unachapwa kwa plastiki, ubongo wake ni Raspberry Pi, na michoro yake yote iko wazi kwa anayetaka kuinakili. Kifaa cha maabara kikiharibika katika hospitali ya teritwari, kwa kawaida kinawekwa stoo kungoja mtu kutoka mbali. Hadubini ambayo vipande vyake vinachapwa mjini ina maisha mengine kabisa.

Kongo yenyewe ina mfano wake, tena wa mapema. Mwaka 2013 wakazi wa Kinshasa waliona maroboti makubwa ya alumini yakisimama kwenye makutano ya barabara, yakizungusha mikono na vifua kuongoza magari, yakiishi kwa paneli za jua na kupiga picha kwa kamera. Aliyeongoza kazi hiyo ni mhandisi mwanamke, Thérèse Izay Kirongozi, mhitimu wa ISTA ya Kinshasa, na chama chake cha Women Technology. Dunia nzima ilikuja kupiga picha. Baadaye yakawekwa mengine. Jambo la kuumiza ni kwamba kazi ile ilipaswa kuzaa shule, na miaka kumi na zaidi baadaye Kongo bado inamtaja mama huyo kama ajabu la pekee badala ya mwalimu wa kizazi.

Mfano wa upande wa pili, wa kifaa kilichofungwa, kila mpiga kura wa Ituri anaukumbuka. Kwa uchaguzi wa Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi, CENI, ilinunua zaidi ya mashine 100,000 za kupigia kura kutoka kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini. Mashine ya namna hiyo ni kompyuta iliyopachikwa ndani ya chombo chenye kazi moja: kioo cha kugusa, kichapishi, betri. Upinzani uliziita mashine za kuiba; tume ikazitetea. Ugomvi wa kisiasa una wenyewe. La kiufundi ni hili: wananchi waliambiwa waamini au wasiamini, na ni Wakongo wachache mno waliokuwa na ujuzi na ruhusa ya kufungua kisanduku kile na kueleza kilichomo. Mwaka 2023 zilitumika tena, na mahali pengine upigaji kura ulichelewa kwa sababu ya vifaa kufika kwa kuchelewa na betri zisizo na chaji. Nchi isiyo na watu wa kufungua visanduku vyake itabaki kugombana kwa kubahatisha.

Hali hiyohiyo imeingia majumbani kimyakimya. Mitambo mingi ya jua inayouzwa kwa kulipa kidogo kidogo ina chipu ndani yake. Ukilipa kwa simu unapokea tarakimu, unaziandika kwa vitufe, na chipu inazikagua kwa hesabu za siri bila kuuliza mtandao. Ukichelewa kulipa, taa inazimwa. Mpango huo umewafikishia mwanga watu wengi ambao benki haiwatazami, na miongoni mwa walioufanya Kongo ni Altech, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2013 na Washikala Malango na Iongwa Mashangao, vijana wa Fizi waliokulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Heshima kwao. Hata hivyo, mteja aliyemaliza deni lake anastahili mtambo ambao fundi wa mtaani anaweza kuufungua na kuutengeneza. Umoja wa Ulaya umeshalazimisha jambo linalofanana kwa simu: tangu 20 Juni 2025, watengenezaji wanatakiwa kuwa na vipuri kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Bunge la Kinshasa lingeweza kuandika sheria kama hiyo kwa mitambo ya jua, na haingeigharimu hazina ya taifa hata faranga moja.

Sasa madini, maana hapo ndipo hasira ya haki inapoanzia.

Koltani inatoa tantalamu. Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba Rubaya peke yake, huko Masisi, hutoa karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, na tangu 2024 machimbo hayo yako mikononi mwa waasi wa M23. Ituri nayo ina koltani, upande wa Mambasa. Wengi wanajua kwamba tantalamu inaingia kwenye simu. Wachache wameelezwa inafanya nini humo. Inatengeneza kapasita, kidude kinachohifadhi chaji kidogo ya umeme na kuitoa upesi. Utando mwembamba wa oksidi ya tantalamu unazuia umeme vizuri kiasi kwamba kapasita ndogo sana inabeba chaji nyingi.

Lakini utando huohuo una maisha ya pili, na hili ndilo linaloshughulisha maabara sasa. Ukiupa volti kwa namna fulani, oksijeni ndani yake inahama, na njia ya umeme inafunguka au kuziba. Umeme ukizimwa, utando unabaki ulivyokuwa, unakumbuka. Kifaa hicho kinaitwa memrista. Leon Chua alikitabiri kwa hesabu mwaka 1971, na kampuni ya HP ikakionyesha mwaka 2008, kwanza kwa oksidi ya titani. Oksidi ya tantalamu ikaja kuwa mojawapo ya malighafi zinazotegemewa zaidi. Mwanafunzi wa sekondari Aru anayeijua kanuni ya Ohm anaweza kufuata kinachofanyika: volti ikiwekwa kwenye memrista, mkondo unaotoka ni zao la kuzidisha, na mikondo kadhaa ikikutana kwenye waya mmoja, inajijumlisha yenyewe. Sehemu kubwa ya hesabu za akili mnemba ni kuzidisha na kujumlisha. Kumbukumbu inakuwa ndiyo kikokotoo, na ile safari ghali ya data inakwisha. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha kazi ya chipu ya NeuRRAM, iliyofanya hivyo kwa memrista milioni tatu hivi.

Kiasi cha tantalamu kinachohitajika kwa utando huo ni kidogo mno. Hakuna atakayetajirika kwa kuuza tani zaidi. Thamani yote iko katika kujua.

Germaniamu ina hadithi ndefu zaidi. Transista ya kwanza duniani, iliyofanya kazi katika maabara za Bell mnamo Desemba 1947, ilikuwa ya germaniamu, si ya silikoni. Miaka ya 1950, redio ndogo zilipoanza kuingia mifukoni mwa watu, mgodi wa Kipushi huko Katanga, chini ya Union Minière, ulikuwa mojawapo ya vyanzo vikuu vya madini hayo. Kisha silikoni ikachukua nafasi, na germaniamu ikasahauliwa kwenye mabaki ya migodi. Imerudi. Ikichanganywa na silikoni inatoa transista za kasi kubwa kwa rada na mawasiliano ya redio. China ilipoanza kudhibiti mauzo yake nje mwaka 2023, kila mtu akaanza kuitafuta. Oktoba 2024 kampuni ya STL, tawi la shirika la madini la serikali, Gécamines, ilisafirisha kutoka Lubumbashi shehena ya kwanza ya germaniamu iliyotolewa kwenye kilima cha takataka za Big Hill, kwenda kwa Umicore, Ubelgiji.

Na hapa kuna nafasi ambayo wahadhiri wa Bunia hawapaswi kuiacha. Taasisi ya utafiti ya IHP, katika mji wa Frankfurt an der Oder, Ujerumani, inatengeneza chipu za silikoni na germaniamu, na imeweka wazi kanuni zake za uchoraji ili mtu yeyote azipakue bure. Programu za kuchorea nazo ni za bure. Mradi wa Tiny Tapeout unakusanya michoro midogo ya wanafunzi na watu wa kawaida kutoka pande zote za dunia, unaipanga kwenye chipu moja, na gharama kwa kila mmoja inashuka hadi dola mamia badala ya maelfu mengi. Njia hii ina mashimo: Efabless, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikibeba michoro hiyo kiwandani, ilifunga milango mwanzoni mwa 2025, na watu waliokuwa wakingoja chipu zao wakaachwa njiani kabla Tiny Tapeout haijapata njia nyingine, ikiwemo hiyo ya IHP. Bado, mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza leo kuchora chipu halisi yenye madini ya aina ileile inayotoka Lubumbashi.

Lugha ya kuandikia prosesa nayo imefunguliwa. RISC-V, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, ni seti ya maagizo ambayo haina mmiliki wa kulipwa leseni. China, India na Brazili wanaitumia kupunguza utegemezi. Chipu zake ziko tayari kwenye bodi za dola chache.

Fedha ziko wapi? Zimekwisha kuandikwa kwenye sheria. Amri ya serikali ya 24 Novemba 2018 iliyataja madini matatu kuwa ya kimkakati: kobalti, koltani na germaniamu. Mrabaha wake ukapandishwa hadi asilimia 10. Na Sheria ya Madini ya Machi 2018 inaagiza kila mrabaha ugawanywe: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 eneo la uchimbaji, na 10 Mfuko wa Madini kwa Vizazi Vijavyo. Vizazi hivyo vimeshazaliwa na viko darasani. Kama nchi inaiita germaniamu ya kimkakati, mkakati wenyewe uonekane kwenye meza ya maabara, pamoja na orodha ya vifaa vilivyonunuliwa na majina ya vyuo vilivyovipokea, ikitangazwa kila mwaka ili wabunge wa Ituri waweze kuuliza.

Kiasi kinachohitajika kuanzia ni kidogo ukilinganisha na bei ya magari ya msafara mmoja wa serikali. Chumba chenye paneli za jua na betri za kutosha, kompyuta ishirini, vyuma vya kulehemu, osiloskopu chache, bodi mia, na mshahara unaolipwa kwa wakati. Chuo Kikuu cha Bunia na Chuo Kikuu cha Shalom vingeweza kukianzisha. Tawi lake la Aru lingekuwa na jirani mzuri kuliko Kinshasa, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Muni, kilichofunguliwa Arua mwaka 2013 kikianza na masomo ya teknolojia ya habari, kiko mwendo mfupi wa pikipiki kutoka mpakani. Tangu Julai 2022 Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wafanyabiashara wa Aru walikwisha kujiunga zamani kwa miguu yao: wanahesabu kwa shilingi ya Uganda, wanabeba simu zenye laini za nchi mbili. Vyuo viwafuate.

Kuna pingamizi zito kuliko fedha, nalo ni usalama. Tangu 6 Mei 2021 Ituri imo katika hali ya dharura ya kijeshi, na barabara ya Djugu imemwaga damu nyingi. Mtu anaweza kusema kwamba huu si wakati wa chipu. Lakini vijana wanaoingia porini wanaingia pia kwa kukosa kazi yenye heshima, na watu waliohamishwa makwao wanahitaji maji yanayopimwa, chanjo isiyoharibika na redio inayozungumza lugha yao leo, kabla amani haijakamilika. Makerere ya miaka ya 1990, nchi ikitoka vitani, haikuacha kufundisha, na humo ndimo AirQo ilikuja kuzaliwa.

Lililobaki ni la uandikishaji. Vyuo vya Kongo vinadai diploma ya serikali, na vina sababu zake. Ila katika masoko ya Aru na Ariwara wapo mafundi simu ambao hawakumaliza sekondari na wanaweza kubadilisha chipu ya chaji kwa mkono, wakiangalia kwa lenzi, mchoro wa bodi ukiwa kwenye simu nyingine pembeni. Wanasoma michoro ya Kiingereza na Kichina kwa kufuata alama. Wengine wana miaka kumi ya kazi hiyo. Maabara ya Aru ikifunguliwa iwe na mlango wao, kwa mtihani wa vitendo, na iwe na nafasi zilizotengwa kwa wasichana. Wizara ya elimu ya juu inaweza kuandika waraka huo mwaka huu wa masomo, na magavana wakaanza na sehemu yao ya ile asilimia 25 bila kungoja Kinshasa.